Maji ya Ukutani

Nyumba ya Songea isiyo na maporomoko ya maji ukutani, ujue mwenyewe bado hajahamia. Sizungumzii nyumba za wakubwa. Nazungumzia nyumba yoyote yenye kochi. Ukikaribishwa, ukavua viatu mlangoni, ukakaa, jicho litatua kwenye fremu ya plastiki ya rangi ya dhahabu. Ndani yake mto unateremka kutoka mlima wenye theluji, misonobari kulia na kushoto, nyumba ya mbao inatoa moshi, na bata wawili weupe wenye shingo ndefu wanaogelea, bata ambao tangu Wangoni waingie nchi hii hakuna aliyewahi kukutana nao. Chini pameandikwa mstari wa Zaburi. Aliyejaliwa zaidi ananunua ile ya kuchomeka kwenye umeme: maji yanatembea, taa zinamulika, ndege wanalia. Wanalia wimbo mmoja bila kupumzika, mpaka mgeni anakumbuka kwamba aliacha mtoto peke yake nyumbani.

Nimeyakuta maporomoko hayo gesti, saluni, kwa fundi cherehani, na kwenye chumba cha kungojea kung'olewa jino, ambako sauti ya maji haimsaidii mtu yeyote. Theluji ile sijui ni ya Uswisi au ya Canada, na wenye fremu nao hawajui. Ninachojua ni kwamba mwenye fremu akitoka nje na kuinua kichwa anaiona milima ya Matogoro, ambako Mto Ruvuma unaanzia. Ruvuma wenyewe, mto uliotupa jina la mkoa, unaokwenda zaidi ya kilomita 700 mpaka Bahari ya Hindi, na kwa sehemu kubwa ya safari hiyo ndio mpaka wetu na Msumbiji. Chanzo chake tunacho hapahapa, mwendo wa bodaboda. Sijawahi kukiona kwenye fremu ya mtu.

Na si kwamba maji hatuyajali. Mji huu una Uwanja wa Majimaji, una timu ya Majimaji, una Makumbusho ya Majimaji, na kila tarehe 27 Februari tunakusanyika kuwakumbuka mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa siku hiyo mwaka 1906. Juu ya hilo sitanii. Ila mtu huyohuyo aliyesimama makumbusho asubuhi akiwa na majonzi ya kweli, jioni anarudi kukaa chini ya misonobari ya watu.

Nina haki ya kulalamika kwa sababu picha ndiyo kazi yangu. Studio yangu ni chumba kimoja, si mbali na Soko Kuu. Ina stuli, ina taa mbili za mwavuli, ina kitambaa cha bluu cha picha za paspoti, na ina pazia kubwa alilonichorea fundi wa mabango miaka ya nyuma. Pazia hilo lina maporomoko. Chekeni, lakini kodi ya pango hulipwa na mteja, na mteja anayataka maporomoko. Mtoto wa kipaimara, wachumba, askari aliyepandishwa cheo, wote husimama palepale, mkono kiunoni, nyuma yao maji yasiyolowesha. Nimewahi kumshauri bibi harusi mmoja twende tukapige picha mtoni Luhira. Aliniuliza kama nimegombana na mama yake.

Wala si Songea peke yetu. Kule Likoni, Mombasa, wapigapicha wa kivukoni miaka ya 1990 walikuwa na vibanda vyenye mapazia ya kuchorwa na mapambo ya kila aina. Abiria alishuka kwenye feri ya kweli, upepo wa bahari ya kweli bado umo kwenye nguo, akaenda kusimama mbele ya meli ya rangi, akalipa, akaondoka ameridhika. Mtafiti wa Kijerumani, Heike Behrend, aliandika juu ya vibanda vile kwa heshima kubwa. Studio yangu hajawahi kuingia mtafiti. Huingia mtu wa ushuru.

Katika amani hiyo ndipo mpwa wangu alipoleta fujo.

Kazi nilimfundisha mwenyewe, kuanzia namna ya kumwambia mteja ainue kidevu bila kumkwaza. Akawa hodari wa harusi. Kamati zilimtaka yeye, na waliokuwa hawana hela ndio waliletwa kwangu. Halafu akaanza kukesha na video za kwenye simu, na siku moja akatangaza kwamba kuanzia sasa yeye anapiga picha za sanaa. Za maji. Vijito vya msituni.

"Na nani amesimama hapo kijitoni?"

"Hakuna mtu, mjomba. Maji tu."

"Sasa atailipia nani?"

Akanitolea mfano wa Mmarekani mmoja, Eliot Porter, aliyesomea udaktari na kufanya kazi Chuo Kikuu cha Harvard, akaviacha vyote mwaka 1939 ili apige picha za ndege, majani makavu na vijito. Nikamwambia huyo alikuwa na cheti cha udaktari kabatini. Wewe kabatini una suti ya kukodi ya MC.

Lakini kisa cha Porter kina mahali kinapouma. Kuna korongo la Mto Colorado linaloitwa Glen Canyon. Porter alilipiga picha wakati bwawa linajengwa: kuta za mawe mekundu, vijito vyembamba, vidimbwi vilivyoshika rangi ya anga. Mwaka 1963 mageti ya bwawa yakafungwa, maji yakaanza kupanda, na mwaka huohuo kitabu chake kikatoka. Watu wakafunua kurasa wakiona mahali ambapo hawawezi tena kwenda. Mpwa wangu akifika hapo hunikumbusha kwamba Matogoro haitoi Ruvuma tu. Unatoka Luhira, na unatoka Luegu, ambao hauna habari na Msumbiji. Wenyewe unakwenda kujiunga na Rufiji, na Rufiji, kwenye korongo la Stiegler, ndiko liliko Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022.

"Lile korongo la Stiegler, mjomba, wewe una picha yake moja tu ya maana?"

Nikamjibu kwamba mimi nataka umeme. Zile megawati 2,115 zikinifikia studio bila kukatika wakati mteja ameshakaza tabasamu, korongo nitaliombea dua. Hakunisemesha mpaka jioni. Vijana wa siku hizi wanalia na mawe wakiwa wamechaji simu.

Tatizo la picha za maji ni kwamba zinapigwa alfajiri. Kwa nini alfajiri, maji yenyewe yapo mchana kutwa? Naambiwa jua likishapanda linapenya kwenye matawi na kutupa madoa meupe juu ya mawe, na kamera haiwezi kuona doa na kivuli kwa pamoja. Kwa hiyo inatakiwa asubuhi mno, au siku ya mawingu. Songea iko juu ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa saba alfajiri watu wa hapa hulala na sweta. Mimi, mtu mwenye magoti yangu, nilipakiwa kwenye bodaboda nyuma ya begi la kamera, nimekumbatia stendi ya miguu mitatu, tukapanda Matogoro katika ukungu, na dereva akawa anageuka kila baada ya muda kuniuliza kama mgonjwa tunayemfuata bado ni mzima.

Nakiri mahali penyewe pazuri. Kijito chenyewe ukiruka unakivuka. Kinapita chini ya mzizi uliolala juu yake, kinagawanyika kwenye jiwe lenye ukoga wa kijani, kinashuka kimo cha goti na kutulia kidogo kwenye kidimbwi kabla hakijaendelea na safari yake. Juu ya kidimbwi wadudu wenye miguu mirefu wanatembea juu ya maji bila kuzama. Mpwa wangu alichagua jiwe lile. Akafungua stendi, mguu mmoja ndani ya maji, miwili nje, akaisogeza kushoto kidogo, akairudisha palepale. Muda aliotumia kulipanga jiwe, mimi ningekuwa nimeshampanga bwana harusi, wapambe na shangazi wanaogombea kukaa mbele.

Halafu akatoa vioo. Kioo cha kwanza unakizungusha mbele ya lenzi, na ule mng'ao mweupe juu ya majani na mawe yaliyolowa unaondoka, ukoga unaonyesha kijani chake halisi. Hicho nilikipenda na nikakitia machoni. Kioo cha pili ni cheusi tititi. Nikamuuliza, tumeamka saa kumi usiku kufuata mwanga, sasa unauzibia? Kumbe ndiyo hesabu yake. Mwanga ukiwa mdogo, kamera inalazimika kuacha jicho wazi muda mrefu, sekunde mbili, nne, hata zaidi. Jiwe halitikisiki kwa hiyo linatoka limechongeka. Maji hayasimami kwa hiyo yanaandika njia yote yaliyopita. Hata kubonyeza kamera kwa kidole haruhusu. Anaitegea ijipige yenyewe ili mkono usiitikise, na mimi nakatazwa kukohoa.

Aliponionyesha kwenye kioo cha nyuma, maji yalikuwa yamegeuka meupe, laini, hayana tone hata moja. Bibi mmoja aliyekuwa anapita na kuni zake alichungulia, akasikitika kwa dhati, akauliza nani amemwaga maziwa yote yale. Mpwa wangu akaona ametukanwa. Mimi nikaona tumepata mhakiki.

Lakini ipo picha moja ambayo sina la kuisema vibaya, na hilo linaniudhi zaidi. Miombo kabla ya mvua huchipua majani mekundu, msitu mzima unawaka rangi ya kutu na divai wakati ardhi bado ni kavu. Katika msimu huo, jani moja lilianguka kwenye kile kidimbwi, likanaswa na mzunguko wa maji, likawa linazunguka polepole mahali pamoja. Mpwa wangu akaliacha lizunguke, jicho la kamera likiwa wazi. Kwenye picha hakuna jani. Kuna duara jekundu juu ya maji meusi, limekamilika, na hakuna mkono wa mtu uliolichora. Nilimuuliza kama amelichora kwa kompyuta. Akaniapia. Nikaenda kuangalia kidimbwi, jani lilikuwa bado linazunguka.

Sasa jaribu kuwaeleza wenyeji kwamba watu wazima wawili wamepanda mlima usiku kufuata jani.

Mkoa wetu una sifa zake. Tunduru ilifurika watu miaka ya 1990 kwa ajili ya yakuti, wakaja mpaka wanunuzi kutoka Thailand na Sri Lanka. Mbinga kuna makaa ya mawe ya Ngaka. Namtumbo kuna urani ya Mto Mkuju. Katika mkoa wa namna hiyo, mtu aliyechuchumaa kijitoni alfajiri, anatazama jiwe moja kwa saa nzima, halafu akiulizwa anasema "natazama maji tu", jibu lake halina mahali pa kuingia kichwani mwa mtu mwenye akili timamu. Vijana watatu walikaa juu ya mteremko wakitusubiri tuondoke. Tulipoondoka wakashuka. Jiwe la mpwa wangu, lile aliloliweka kwenye fremu kwa shida zote zile, tulilikuta safari nyingine limepinduliwa na chini yake pamechimbwa shimo.

Wenye bustani za mboga bondeni nao walikuwa na hofu yao, na kwao nawaelewa. Stendi ya miguu mitatu wanaifahamu: ni chombo cha mpima ardhi. Na mita 60 wanazifahamu kuliko tarehe zao za kuzaliwa, maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya umbali huo kutoka chanzo cha maji. Mzee mmoja alikuja taratibu na jembe begani. Tukamwamkia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mnatuondoa lini?"

Tulimweleza. Mpwa wangu akamwonyesha picha. Babu akaitazama kwa makini, akageuka akakitazama kijito, akaitazama tena picha. "Na sukuma wiki yangu mbona haimo?" akasema. Haikuwamo kwa sababu mpwa wangu alikuwa amehama pembe mara kadhaa mahsusi ili isiwemo. Nikanyamaza. Sanaa ya mandhari, kwa nilivyoiona, ni ufundi wa kukwepa matuta ya watu.

Tukaambiwa basi tutafute kibali, ili tusisumbuliwe. Ofisi tuliyoelekezwa sitaitaja. Fomu ilikuwa na mahali pa utafiti, mahali pa utalii, mahali pa asali na mahali pa mbao. Mhudumu, binti mwenye adabu tu, akamuuliza mpwa wangu atavuna nini. Akasema havuni kitu, anapiga picha ya maji. "Maji ya kupeleka wapi?" Mjadala ule uliisha kwa kuandikwa "mengineyo", na "mengineyo" ndiyo yenye ada isiyojulikana, kwa hiyo faili likapelekwa juu likatafutiwe ada.

Wakati faili linatafutiwa ada, mpwa wangu akachapisha picha kwenye turubai, kubwa, kwa mtu wa Dar es Salaam mwenye mashine. Zikasafiri zaidi ya kilomita 900 kwa basi kwenda kuonyeshwa watu wanaoishi mwendo wa bodaboda kutoka zilikopigwa. Tukazitundika studio. Pazia langu la maporomoko likakunjwa na kuwekwa nyuma ya mlango, na wateja wa paspoti wakaanza kuniuliza kama nimefiwa.

Walikuja watazamaji. Swali la kwanza lilikuwa moja kwa wote: hapa ni wapi? Mpwa wangu, mkweli asiye na soni, akajibu Matogoro. Hapo uso wa mteja ulishuka, na mkono uliokuwa unaelekea mfukoni ukaenda kujikuna. Matogoro? Matogoro hii? Mama mmoja alisema kwa upole kabisa kwamba huko anakwenda bure kuokota uyoga. Nikamvuta mpwa wangu pembeni nikamwomba, mjomba, si lazima udanganye, lakini ukiulizwa ni wapi, kohoa.

Akanijibu kwa habari za Tingatinga. Kweli, Edward Saidi Tingatinga ni wa kwetu, alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaenda Dar es Salaam kutafuta maisha, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora kwa rangi za kawaida za dukani kwenye vipande vya hadibodi, akiviuza kando ya barabara kwa wageni wa Oysterbay. Alikufa 1972, na jina lake limebaki kuwa jina la aina nzima ya uchoraji. "Naye watu wa kwao hawakumnunua kwanza," akasema. Nikamwambia hadithi yake ameisoma nusu. Tingatinga aliweka chui. Aliweka tembo, aliweka ndege. Mnunuzi alipouliza hiki ni nini, alijibiwa. Wewe umeweka maji yanayokwenda na jiwe linalobaki, unataka mtu alipe elfu themanini ili akafikiri.

Mteja wa kweli alipatikana, mama mwenye gesti mpya yenye vyumba vya kujitegemea. Alisimama mbele ya ile picha ya duara jekundu muda mrefu bila kuuliza ni wapi. Akaagiza sita, kubwa, za vyumba vyote. Akatoa malipo ya awali, taslimu, akanikabidhi mimi mwenye mvi. Ulikuwa mwezi wa kumi na moja na mbolea ya mahindi imeshafika, kwa hiyo malipo ya awali yako shambani.

Wiki iliyofuata akapiga simu. Picha anazipenda. Ila usiku amewaza, na anaona zina upweke. Wageni wake ni watu wa safari, wengine wamefiwa, wengine wanafuatilia kesi. Wakiingia chumbani wakute maji matupu msituni, watalala kweli? "Baba, niwekeeni bata," akasema. "Wawili. Wale weupe."

Mpwa wangu akasema haiwezekani. Kubandika bata kwa kompyuta ni uongo, na yeye uongo kwenye picha hafanyi. Nikamwambia habari ya mbolea. Akafikiri, akalainika kidogo: bata wa kweli, ndani ya kijito cha kweli, hiyo atapiga, kwa sababu hapo atakuwa amepiga alichokiona. Sharti lake ni moja, bata atulie. Jicho la kamera litakuwa wazi sekunde nne, na bata akigeuza hata shingo atatoka ukungu mweupe juu ya maji meupe, na mama wa gesti atasema hatukumweka.

Wale wenye shingo ndefu hawapo Songea. Tunao hawa wetu wa kawaida, na mweupe anayefaa yuko kwa mama jirani, anafuga pale nyuma ya ukuta wangu. Nimekwenda kuzungumza naye. Anataka kodi ya bata kwa saa, kuanzia atakapotoka bandani, kwenda na kurudi. Anataka bodaboda ya bata iwe ya peke yake, asibanwe na stendi. Anataka nimwandikie kwamba bata akipata kikohozi cha Matogoro gharama ni zangu. Na anauliza, akishapigwa picha ikatundikwa vyumba sita, je, bata atakuwa analipwa kila mgeni anapolala?

Namjibu nini mtu kama huyo? Jana jioni nilimjaribu yule bata uani, na saa mkononi. Sekunde nne hafikishi. Anafika mbili, anatikisa mkia.